Mwanafunzi wa kigeni nyumbani kwako Unguja: namna ya kumpokea na kuishi naye

Wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka Marekani, Ulaya na Asia huja Unguja kusoma Kiswahili, wengine kwa wiki sita, wengine kwa muhula mzima. Wanaijia Unguja kwa sababu inayojulikana: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Darasani hukaa saa chache tu. Lugha yenyewe wanaipata jikoni, barazani na kwenye mkeka wa chakula, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na programu nyingine huwapangia familia za kuishi nazo. Familia ikijipanga vyema, mwanafunzi huondoka anaongea. Isipojipanga, hujifungia chumbani na simu yake mpaka siku ya ndege.

Ukaazi hauharibiwi sana na joto wala na chakula. Huharibiwa na kimya. Mama anaona haya kumwambia mgeni kwamba tangi limekauka. Mgeni naye anaona haya kusema kwamba pilipili inamchoma. Kila mmoja anavumilia kwa adabu, na wiki ya tatu mmoja wao analia. Kwa hiyo, pamoja na mambo ya godoro na umeme, mwongozo huu unaeleza nini kisemwe, na lini.

Kabla ya kukubali

Kaeni watu wote wa nyumba, pamoja na bibi na vijana, mjibu maswali haya kwa ukweli. Kuna chumba kitakachokuwa cha mgeni peke yake, chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo? Kama chumba hicho kitapatikana kwa kumtoa bibi alale ukumbini, msikubali, maana mgeni atajua ndani ya siku mbili na hatakuwa na raha. Nani yupo nyumbani jioni wa kuzungumza naye? Nyumba ambayo mama anarudi kazini saa mbili usiku na vijana wote wako bweni haimfai mwanafunzi wa lugha, hata ikiwa na bafu la vigae. Nani atapika siku mama akiumwa?

Kisha kaeni na mratibu wa programu na mtake haya yaandikwe: idadi ya usiku, milo gani kwa siku (kwa kawaida chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na chakula cha mchana siku za mapumziko), nani anafua, malipo yanatolewa lini, namba ya kupiga usiku wa manane, na nini kitafuata mwanafunzi akihama kabla ya muda. Jambo hilo la mwisho husahauliwa sana. Familia inanunua kitanda kipya, mwanafunzi anahama baada ya siku tisa, na hakuna aliyeandika kama siku zilizobaki zinalipwa.

Bei msiikisie. Andikeni kila kilichonunuliwa kwa ajili ya jikoni kwa wiki moja: mchele, nazi, samaki, mkate, mafuta, gesi au mkaa. Gawanyeni kwa idadi ya walaji. Ongezeni maji ya kunywa ya mgeni, umeme wake (hesabu yake iko mbele), sabuni, matunda na mayai ya ziada. Hapo ndipo mtajua kama kinacholetwa na programu kinatosha. Ombeni sehemu ya malipo itangulie, kwa kuwa sokoni Darajani mnanunua kila siku, hamwezi kungoja mwisho wa mwezi. Na fedha zote zipitie kwa mratibu. Msimkope mwanafunzi hata nauli, msimwombe simu, msimtajie ada ya skuli ya mtoto. Huo ndio mstari ambao ukivukwa mara moja, programu nyingi huiondoa familia kwenye orodha. Wana haki, kwa sababu mtu anayelala kwako hawezi kusema hapana kwa uhuru.

Karatasi

Kibali ni kazi ya chuo, si yako. Mwanafunzi wa muda mrefu hutafutiwa kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo ndilo linalohusu wanafunzi. Kazi yako ni kuchukua nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, nakala ya viza au kibali, na barua ya chuo, kisha kumpeleka mgeni kwa sheha wa shehia yako ndani ya siku mbili tatu za mwanzo ili ajulikane. Nendeni pamoja, mchana, mgeni akiwa amevaa kwa heshima. Kwa aliye Bara, Arusha au Dar es Salaam, anayepaswa kujua ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Pasipoti yenyewe ibaki kwa mwenyewe. Usiifungie kabatini kwako hata akikuomba, maana ikipotea kuipata nyingine huchukua siku nyingi, na lawama itakuwa yako. Andika tarehe ya mwisho wa viza kwenye kalenda ya ukutani. Mwanafunzi na chuo wote wanaweza kuisahau, na faini hulipwa na mwenye pasipoti.

Jambo jingine la kuuliza ni bima. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar kutoka nje ya nchi hutakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, na hudumu siku 92. Kwa anayekaa zaidi ya hapo, uliza kama ana bima ya chuo chake. Pata namba ya bima hiyo sasa, uiandike karibu na simu. Usiku wa homa si wakati wa kuitafuta.

Chumba

Si lazima kiwe kikubwa. Kiwe na vitu hivi:

- kitanda cha futi 4 kwa 6, godoro lisiloacha shimo katikati, shuka mbili za kubadilisha na mto mmoja
- chandarua chenye dawa, kipana cha kutosha kuingizwa chini ya godoro pande zote nne
- feni
- meza na kiti cha mgongo, na taa ya mezani, kwa sababu huyu anaandika kazi za nyumbani kila usiku
- misumari au kamba ya kutundikia nguo, na kabati hata la mlango mmoja
- ufunguo mmoja wake na mmoja wenu, na yeye aambiwe kwamba upo wa pili

Kagua mishono ya godoro na nyufa za kitanda kwa tochi kutafuta kunguni. Kitanda cha mbao kilichokaa stoo kianikwe juani siku nzima, na nyufa zimwagiwe maji yanayochemka. Kunguni wakionekana baada ya mgeni kufika, ripoti itakwenda chuoni siku hiyohiyo. Chandarua nacho kitundike mwenyewe mbele yake, umwonyeshe namna ya kukichomeka, kwani wengi hawajawahi kulala ndani yake. Hukiacha kinaning'inia kama pazia, na mbu huingia kwa chini.

Mlango wa chumba ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kwetu mlango ulio wazi ni mlango wa watu, na mtoto huingia bila ya kuuliza. Mwanafunzi aliyezoea kuwa na chumba chake hupata nguvu za kurudi ukumbini pale tu anapoweza kujifungia nusu saa. Wafundisheni watoto kupiga hodi na kungoja karibu. Na sheria iwe ya pande mbili: mtoto haingii chumbani kwa mgeni, wala mgeni hakai na mtoto mlango umefungwa. Isemwe siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida, kama sheria ya nyumba. Kumlinda mtoto hakuhitaji kumshuku mtu.

Akija msichana, baba azungumze na vijana wa kiume wa nyumba, binamu na marafiki wao kabla hajafika. Utani wa kumchumbia mgeni, unaochekesha barazani, humfanya aogope kutoka chumbani. Mtu mmoja amwombe namba ya simu, wa pili amsifu umbo, wa tatu amfuate njiani, na baada ya wiki anamwomba mratibu amhamishe bila ya kueleza sababu.

Maji na choo

Mwonyeshe choo kabla hajakihitaji. Kama ni cha kuchuchumaa, mwambie aelekee upande gani. Mwonyeshe ndoo na kata, mkono unaotumika, na namna ya kumwaga maji mpaka pasafike. Wengine watatumia karatasi hata hivyo. Weka pipa lenye kifuniko, useme wazi kwamba karatasi, vitambaa vya kujifutia na pedi hutupwa humo, si chooni, kwa sababu bomba linaloelekea karoni ni jembamba na likiziba huziba kwa nyumba nzima. Pipa litolewe kila siku. Usipoweka pipa, usishangae bomba likiziba.

Kuhusu kuoga, mpe hesabu. Bomba la mvua hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, na mtu aliyezoea kuoga dakika kumi anamaliza ndoo nne au tano za lita 20. Sisi tunaoga kwa ndoo moja na kata. Mwambie tangi lina lita ngapi, hujazwa siku gani, na mko watu wangapi. Akizijua namba hizo atajipimia mwenyewe. Akiambiwa tu "usimalize maji", atafikiri amekosea bila ya kujua kosa lake ni lipi.

Maji ya kunywa yawe ya chupa kubwa za madukani, au yaliyochemshwa mpaka yakatokota kwa nguvu dakika nzima, yakapoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Maji hayohayo ndiyo ya kupigia mswaki, ya kuoshea kachumbari na ya kutengenezea juisi na barafu. Hapa ndipo familia hukosea: chupa ya kunywa ni safi kabisa, lakini juisi ya ukwaju imetiwa maji ya bomba.

Umeme

Volti yetu ni 230, na soketi ni za miguu mitatu ya bapa kama za Uingereza. Mmarekani anatoka kwenye volti 120. Chaja za simu na kompyuta huandikwa 100–240V, hizo hazina tatizo, zinahitaji kiunganishi cha plagi tu. Kikaushio cha nywele kilichoandikwa 120V peke yake kikichomekwa kwetu huvuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya iliyokusudiwa, kinaungua papo hapo, na pengine kinaondoka na soketi. Soma maandishi ya kila kifaa pamoja naye siku ya kwanza.

Mwonyeshe mita ya Tukuza na namna uniti zinavyoshuka. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi za usiku hula uniti 0.6. Bafu la umeme la wati 4,500 likiwashwa dakika kumi hula uniti 0.75. Kwa hiyo msimbane kwa feni, ni ya lazima. Mbaneni kwa maji ya moto, kiyoyozi na pasi. Bando la intaneti awe nalo mwenyewe. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti, basi aende dukani yeye mwenyewe, na mtu wa nyumba amsindikize. Wala msimsajilie laini kwa jina lenu.

Siku mbili za mwanzo

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tuifuate neno kwa neno.

Siku mbili hizo msimwalike ukoo mzima kuja kumwona. Amesafiri saa ishirini au zaidi, na mwili wake bado uko kwao: majira ya joto New York iko nyuma yetu saa saba, kwa hiyo ataamka usiku wa manane na kusinzia mchana. Mpe chakula chepesi: wali mweupe, samaki wa kukaanga, ndizi mbivu. Mpe taarifa kwamba adhana ya alfajiri itamwamsha karibu na saa kumi na moja na kwamba si tahadhari ya hatari. Mweleze kwamba viatu huvuliwa mlangoni, kwamba chakula huliwa kwa mkono wa kulia, na kwamba pombe na nguruwe haviingii nyumba ya Kiislamu, hata vikiwa ndani ya mkoba. Mwonyeshe mavazi ya ndani na ya nje: khanga mbili za kujifunga nyumbani humtoa msichana kwenye mashaka mengi.

Kisha zungumzeni saa. Hili linapoteza watu darasa. Ukimwambia "chakula saa mbili", yeye anasikia mbili ya saa zao, yaani saa nane zetu. Tundikeni karatasi mlangoni mwa jokofu yenye safu mbili: saa yetu na saa yake. Kama darasa linaanza saa mbili asubuhi, chai iwe mezani saa moja na robo, na karatasi iseme 7:15. Humohumo andikeni chakula cha usiku, saa ya mwisho ya kurudi nyumbani na saa ya kufunga komeo. Nyumba nyingi husema magharibi, au saa nne usiku kwa taarifa. Chochote mtakachochagua, kiandikwe, na kisigeuzwe kwa hasira siku atakayochelewa. Mtembeze pia njia ya chuo kwa miguu mara mbili, kwenda na kurudi, mchana. Vichochoro vya Mji Mkongwe humpoteza hata mtu wa Fuoni, na ramani ya simu haioni vyema katikati ya kuta ndefu.

Siku ya tatu: jembe

Mpe kazi ndogo ya kila siku. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kukuna nazi juu ya mbuzi, kununua mkate, kumwagilia maua. Mwonyeshe mara moja, mwache aharibu, mwonyeshe tena. Kazi inamtoa kwenye kiti cha ugeni na kumpa sababu ya kuwa jikoni, na jikoni ndiko kuna lugha. Chumba chake afagie mwenyewe. Nguo za ndani afue mwenyewe, na aambiwe wapi pa kuzianika pasipo mbele za watu. Nguo nyingine kama mkataba unasema mnafua, fueni, lakini mfundisheni pia. Wengi hawajawahi kufua kwa mkono na hutia sabuni mara tatu ya inayotakiwa, kisha maji ya kusuuzia ndiyo yanayokwisha.

Chakula

Muulize kwa maswali mafupi yenye majina ya vyakula, siyo "unakula nini?". Unakula samaki? Pweza? Kuku? Mayai? Karanga? Maziwa? Ngano? Anayedhurika kwa karanga au kamba aandikwe kwenye ileile karatasi ya jokofu, ili na shangazi aliyekuja kusaidia kupika ajue. Asiyekula nyama mpe maharage, mchicha wa nazi, kunde, bamia, mbaazi, viazi vya nazi na mayai. Jihadharini na neno mboga: kwa wengi wetu mboga ni chochote cha kulia wali au ugali, hata nyama, lakini mwanafunzi akisema "nakula mboga tu" anamaanisha majani na nafaka. Wala mchuzi ulioondolewa vipande vya samaki haujawa mchuzi usio na samaki.

Msimpe kiporo cha wali kilicholala nje. Vijidudu vinavyokaa kwenye mchele hustahimili kuchemka. Wali ukilala nje usiku kucha, vijidudu hivyo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto. Wali wa nazi huharibika haraka zaidi. Kama kuna wali wa kubaki, uingie jokofuni ndani ya saa moja au mbili, kwenye sahani pana upoe upesi, uliwe kesho yake baada ya kupashwa mpaka utoke mvuke.

Kuna "kula, kula". Kwetu kumwongezea mgeni ni heshima, na kwake sahani iliyoongezwa ni lazima imalizwe. Anakula mpaka anaumwa, kisha anaanza kudanganya kwamba alikula chuoni. Mfundisheni maneno matatu wiki ya kwanza: "nimeshiba, ahsante", "kidogo tu" na "naomba uniongezee". Akisema nimeshiba, muulizeni mara moja zaidi, basi. Nanyi msikasirike akisema "sitaki". Anafasiri kichwani, hajui kwamba neno hilo ni kavu. Mpe badala yake: "hapana, ahsante". Hali kadhalika "nataka maji" inageuzwa kuwa "naomba maji".

Aketi nanyi kwenye sinia. Kumtengea meza yake na kijiko, peke yake, kwa nia njema ya kumstahi, ni kosa kubwa kuliko yote ya mezani.

Lugha

Msizungumze naye Kiingereza. Vijana watapenda kufanyia mazoezi kwake, nanyi wekeni muda wake, mathalani nusu saa baada ya chakula siku mbili kwa wiki. Muda mwingine wote ni Kiswahili, hata akikwama. Semeni kwa kituo, sentensi fupi, maneno yaleyale kila siku. Msimsemeshe Kiswahili kilichovunjwa kama cha kumsemesha mtalii. Anakinasa kilivyo.

Akikosea, mrudishieni sentensi ikiwa imenyooka, na mazungumzo yaendelee. Akisema "kiti mbili", wewe sema "viti viwili? Viko ukumbini." Kosa moja kwa wakati. Ukimsahihisha kila neno atanyamaza. Kuna makosa yatakayowachekesha watoto, kubwa likiwa la kuacha w kwenye "kunywa". Mcheke pamoja naye kama amezoea, lakini kamwe siyo mbele ya wageni. Na maamkizi yawe ya kweli: "shikamoo" kwa wakubwa, "hujambo" kwa rika, "assalamu alaykum" anapoingia penye watu. "Jambo" na "hakuna matata" aziache ufukweni.

Mpeni pia watu wa kuwaita. Mama, baba, bibi, dada. Mwanafunzi anayewaita kwa majina yao au "bwana na bibi" atabaki mpangaji.

Afya

Wengi huja wakimeza vidonge vya kuzuia malaria. Doksisaiklini humezwa pamoja na chakula na bilauri nzima ya maji, bila ya kulala nusu saa baadaye, la sivyo huchoma koo. Pia hufanya ngozi iungue upesi juani. Malarone humezwa na chakula au maziwa, saa ileile kila siku. Kwa hiyo chai ikichelewa, dawa inachelewa. Anayemeza dawa bado anaweza kuugua: homa yoyote apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo, asipewe dawa ya malaria kwa kukisia wala kungoja asubuhi.

Kuharisha wiki ya kwanza ni kawaida. Pakiti moja ya chumvichumvi za ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ikikosekana, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ina madhara, kwa hiyo pima kwa kijiko kilekile. Damu kwenye choo, homa, au kutapika kusikokatika ni safari ya hospitali, na mratibu anapigiwa mkiwa njiani. Namba ya dharura ni 112.

Kuna na ugonjwa usio na homa. Kati ya wiki ya pili na ya nne wengi hukosa usingizi, hukataa kutoka, hulia wakizungumza na wazazi wao. Msimzunguke watu saba kumuuliza ana nini. Mtu mmoja aliyemzoea ampelekee chai, akae naye kidogo, amwambie kesho tutakwenda Forodhani. Ikipita wiki hajala vyema wala hajaenda darasani, mratibu aambiwe.

Kutoka na kurudi

Programu nyingi za Marekani huwakataza wanafunzi kupanda bodaboda, na wengine hufukuzwa kwa kosa hilo. Basi kijana wa nyumba asimwambie "panda tu, hawatajua". Dala dala mchana, teksi ya mtu mnayemjua usiku. Aseme anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Mwambieni kwamba kuuliza kwenu si kumchunguza, ni desturi ile mnayomfanyia mtoto wenu. Picha za watoto, za bibi akiwa bila ya mtandio, za jikoni: aombe ruhusa kabla ya kupiga na tena kabla ya kuzitia mtandaoni. Nanyi muombeni vivyo hivyo.

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalieni kalenda kabla ya kusaini. Asiyefunga hana lazima, ila chai yake iandaliwe ndani na alie ndani. Futari aalikwe, na aelezwe kwamba daku ni hiari. Darasa likiendelea mchana, mfungie chakula cha kula chuoni. Sikukuu ya Iddi mpeni nguo ya kuvaa mapema, fundi huwa na foleni.

Linapotokea jambo

Kila Ijumaa usiku, au siku mtakayoichagua, kaeni naye dakika kumi, mtu mzima mmoja na yeye. Maswali mawili: nini kimekuwa kizuri wiki hii, nini tubadilishe? Anza wewe kusema lako, "maji ya juzi yalikwisha mapema", naye atathubutu kusema lake. Likiwa dogo limalizwe hapo. Fedha zilizopotea, mtu aliyemgusa, pombe, kulala nje bila ya taarifa: hayo hayamalizwi nyumbani. Yanakwenda kwa mratibu siku hiyohiyo, hata kama aliyekosa ni mtoto wenu.

Siku ya kuondoka

Wiki moja kabla, mpimieni mkoba. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa mkoba mmoja, naye amejaza viatu vya ngozi na chupa za achari. Viungo vikavu vilivyofungwa vyema husafiri bila ya tabu. Makombe na matumbawe asiyabebe, hukamatwa uwanjani. Khanga ni zawadi nyepesi na nzuri: chagueni jina pamoja naye, alisome mwenyewe kwa sauti, mkisikiliza.

Kagueni chumba mkiwa wawili, mchukue ufunguo, mhakikishe malipo ya mwisho yameandikwa. Akishaondoka, anikeni godoro, fueni chandarua kwa sabuni laini na maji baridi, mkikaushe kivulini kwa sababu jua kali huua dawa yake. Karatasi ya jokofuni msiitupe. Andikeni nyuma yake kile mlichojifunza, uniti ngapi alitumia, alishindwa kula nini, na muiweke kwa ajili ya atakayefuata.